Moto upo, kazi haiendi: kusaka ubovu wa umeme kwa volti na ampea

Simu ninazopigiwa kati ya Juni na Agosti karibu zote huanza kwa namna moja: "Fundi, moto upo, lakini..." Lakini birika halichemki. Lakini hita haipashi. Lakini shawa ikiwashwa, breka inaanguka. Mbeya baridi ikikaza, kila chenye koili, ule waya wa kupashia joto, hutolewa kabatini ndani ya wiki hiyohiyo, na waya zilizokaa kimya tangu Januari zinaanza kubebeshwa mzigo wa kweli. Nikiuliza, "Volti ngapi?" naambiwa, "Zipo." Nikiuliza, "Zipo mzigo ukiwa umewashwa au umezimwa?" simu inanyamaza kidogo.

Hapo ndipo ubovu mwingi hujificha, kwa hiyo nianze hapo.

Hesabu zenyewe hazina ugumu. Volti gawanya kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani. Volti mara ampea unapata wati. Ile ya kwanza ndiyo kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Ukizichanganya hizo mbili unapata nyingine mbili: wati ni volti mara volti gawanya kwa omu, na wati ni ampea mara ampea mara omu. Mimi ile yenye volti naitumia kukagua koili, na ile yenye ampea naitumia kukagua viungo vya waya. Utaona kwa nini.

Sharti ni moja, na ukilivunja hesabu yote inakuwa ya uongo: volti na ampea zipimwe kwa wakati mmoja, mzigo ukiwa unafanya kazi, na volti zichukuliwe palepale mzigo ulipo, si kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Volti za soketi tupu ni kama mtu anayejisifu kubeba gunia kabla hajatwishwa.

Kwa ampea natumia klampu, ile mita ya kubana waya. Ibanie waya mmoja tu: laini, yaani unaoleta umeme, au nyutro, yaani unaourudisha. Ukizibana zote mbili pamoja inasoma sifuri, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Nimeona vijana wakirudisha klampu dukani wakidai ni mbovu. Mimi nina ekstensheni fupi niliyoichana ganda la nje kwa sentimita 15 hivi, bila kugusa ganda la ndani la kila waya, ili nibane laini peke yake. Omu zinapimwa umeme ukiwa umezimwa na kifaa kimechomolewa. Na kama multimita yako, ile mita ya kupima volti, ampea na omu, ina tundu la ampea 10, ukimaliza kupima ampea hamisha ule mchuzo mwekundu, yaani waya wake wa kupimia, urudi kwenye tundu la volti kabla hujaenda kokote. Ukiusahau pale ukapima soketi, umepiga shoti kwa mkono wako mwenyewe.

Birika linachelewa jioni, asubuhi halina neno

Birika la wati 2,000 kwa volti 230 lina koili ya omu 26.5 hivi: 230 mara 230 ni 52,900, gawanya kwa 2,000. Lichomoe, likipoa pima kwenye pini mbili za plagi huku swichi yake imebonyezwa. Ukipata 26 au 27, koili ni nzima, acha kulilaumu birika.

Sasa pima volti za soketi birika likichemsha saa moja jioni, wakati mtaa mzima unapika. Tuseme unapata 180. Watu wengi hudhani kwa kuwa volti zimepungua kwa asilimia 22, na joto limepungua kwa asilimia 22. Sivyo. 180 mara 180 gawanya kwa 26.5 ni wati 1,220 hivi. Umepoteza karibu wati 800 kati ya 2,000. Volti zikishuka, ampea nazo zinashuka, na wati zinapigwa pande zote mbili.

Ukitaka kuona kwa saa ya mkononi: lita moja na nusu ya maji ya bomba ya Julai, tuseme nyuzi 15, hapa kwetu mita 1,700 juu ya bahari huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa wati 2,000 ni dakika nne na kidogo. Kwa wati 1,220 zinakaribia saba, bila kuhesabu joto linalopotea pembeni.

Asubuhi volti 228, jioni 180: ubovu uko wapi? Pima tena jioni, safari hii kwenye meni swichi. Kama na hapo ni 182, basi moto unakuja mdogo kutoka nje. Toa taarifa, na useme ni volti ngapi na saa ngapi, maana "umeme ni mdogo" haimsaidii anayepokea simu. Kama meni swichi ina 225 na soketi ina 180, volti 45 zimeliwa ndani ya nyumba yako. Hilo ni la haraka, kwa sababu mahali zilipoliwa pana joto.

Plagi au ekstensheni inachemka

Hapa ndipo ile hesabu ya ampea mara ampea mara omu inapofanya kazi. Kiungo kilicholegea chenye nusu omu tu hukitambui kwa macho, na multimita ya bei nafuu inaweza isikione, kwa sababu michuzo yake yenyewe ina omu za kiasi hicho. Lakini pitisha ampea 10: 10 mara 10 mara 0.5 ni wati 50. Hizo ni wati za pasi ya lehemu, nazo zimefungiwa ndani ya plastiki ya plagi.

Kwa hiyo usikipime kwa omu, kipime kwa volti. Mzigo ukiwa unafanya kazi, pima volti zinazoingia kwenye ekstensheni, kisha zinazotoka. Tofauti gawanya kwa ampea ndiyo omu za njia nzima. Volti 5 kwa ampea 10 ni nusu omu, na sasa unajua.

Tiba ni kukata shaba iliyoungua mpaka uone inayong'aa, na kukaza skrubu upya. Soketi ambayo chuma chake kimeshapoteza mkazo haikazwi kwa bisibisi, inabadilishwa. Najua watu huchomeka njiti ya kiberiti ili plagi ishike. Usifanye hivyo.

Taa za vifaranga hazipashi, na kila aliyepima kasema umeme umejaa

Hii niisimulie yote, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kuacha kuamini soketi tupu.

Mama mmoja wa Uyole alikuwa na vifaranga wa siku nne chini ya taa nne nyekundu za wati 250. Banda liko mita 80 kutoka kwenye nyumba, ng'ambo ya migomba. Usiku vifaranga wanarundikana katikati na kulia, ishara kwamba wanaona baridi. Akaniambia, "Mwanangu, mwenzako alikuja juzi, kasema moto upo wote, taa ndizo feki. Nimenunua nyingine, yaleyale."

Mwenzangu hakudanganya. Alichomoa taa, akapima soketi ya banda, akapata 228. Na mimi nilipata 228. Kisha nikawasha taa zote nne na kupima tena: 184 bandani, na kwenye meni swichi bado 228. Klampu ikasoma ampea 3.8.

Taa zenyewe: 184 gawanya kwa 3.8 ni omu 48. Kwa maandishi ya kioo, taa nne za wati 250 kwa volti 230 zingekuwa omu 53 zikiwa pamoja. Mbona 48? Kwa sababu filamenti isiyowaka sawasawa ina ubaridi, na filamenti ya tangsteni ikipoa ukinzani wake hupungua. Tofauti hiyo ni ya kawaida, taa ni nzima. Wati: 184 mara 3.8 ni 699. Mama alilipia taa za wati 1,000, vifaranga wanaota moto wa 700.

Njia: volti zilizopotea ni 228 toa 184, yaani 44. Gawanya kwa 3.8, ni omu 11.6. Waya uliotumika ulikuwa mwembamba wa milimita za mraba 0.75. Mita 80 kwenda na 80 kurudi ni mita 160, na waya wa shaba wa unene huo una takriban omu 0.0245 kwa kila mita, jumla omu 3.9. Basi omu 3.9 ni za waya. Nyingine 7.7 ni za nani?

Waya peke yake hautoi omu ambazo hauna. Palikuwa na viungo. Nikauliza, mama akasema waya ulitoka mzima dukani. Kijana wake akaangalia chini.

Tukatembea na tochi. Ilikuwa saa tatu usiku, umande umeshuka, waya wote unachuruzika maji kama majani ya migomba uliyopitishwa. Kwenye mgomba wa tatu palikuwa na kipande cha kiganja kimoja, kikavu kabisa. Pale waya ulikuwa umesokotwa kwa vidole na kuviringishwa mfuko wa nailoni, na nailoni imeyeyuka ikawa nyeusi. Tukapata vingine viwili mbele yake. Piga hesabu: 3.8 mara 3.8 mara 7.7 ni wati 111, zimegawanywa kwenye viungo vitatu ndani ya migomba mikavu ya Julai. Jumla ya kilichopotea njiani, volti 44 mara 3.8, ni wati 167. Kwa saa 12 za usiku ni uniti mbili za LUKU kila kukicha, za kukaushia umande.

Tulizima meni swichi usiku uleule, vifaranga wakahamia jikoni kwenye jiko la mkaa. Kesho yake tukavuta waya wa 2.5 mzima bila kiungo. Taa zote zikiwa zinawaka, bandani 223, ampea 4.2, wati 937. Vifaranga wakatawanyika banda zima. Kijana aliungama kwamba ng'ombe aliukata waya mara mbili, na jembe mara moja.

Hita ya chumba inapasha nusu

Hii ni fupi. Hita nyingi za wati 2,000 ni koili mbili za wati 1,000 zilizowekwa sambamba. Ichomoe, swichi iwe kwenye moto mkubwa, pima. Omu 26 hivi, zote mbili zipo. Omu 53, moja imekatika. Klampu inasema hivyohivyo: ampea 4.3 mahali pa 8.7. Ikisoma hakuna njia kabisa, angalia kwanza fyuzi ya joto na ile swichi ya chini inayozima hita ikianguka, kabla hujanunua koili.

Koili ya jiko inakatika kila wiki

Hili ni jiko la koili ya wazi, lile lenye mifereji kwenye kigae. Koili inakatika, mwenyewe anaondoa kipande kilichoungua, anaivuta iliyobaki na kuifunga tena. Jiko linawaka kuliko lilivyokuwa jipya! Anafurahi. Wiki haiishi, limekatika tena, safari hii na kigae kimepasuka.

Koili ya wati 1,000 ina omu 52.9. Ukipunguza sehemu moja ya tano zinabaki 42.3. Sasa 52,900 gawanya kwa 42.3 ni wati 1,250. Urefu umepungua, lakini joto limeongezeka, na joto hilo kubwa linabebwa na koili fupi zaidi. Kila ukiikata na kuifupisha, unaiandalia kifo cha haraka kuliko cha mwanzo. Koili mpya ni bei ndogo. Wapo wanaonibishia juu ya hili, na ndio wanaonirudia.

Shawa ikiwashwa breka inaanguka

Shawa ya maji moto ya wati 5,500 inavuta 5,500 gawanya kwa 230, karibu ampea 24. Kama ipo kwenye breka ya 20, breka haina kosa, inafanya kazi iliyowekewa. Usiweke breka kubwa ukaacha waya wa 2.5 ukutani: utakuwa umehamishia kazi ya kukatika kwenye waya. Breka ya 32 na waya wa 6, wa peke yake kutoka kwenye meni swichi, na erthi ya kweli iliyochimbiwa.

Kama ni breka ya 32 na bado inaanguka, zima meni swichi na pima koili: 52,900 gawanya kwa 5,500 ni omu 9.6. Ukipata 6, koili imegusana mahali, na kwa omu 6 inavuta ampea 38. Ukipata 9.6 sawasawa na breka inaanguka baada ya dakika kumi, iguse breka yenyewe kwa nje, mkono ukiwa mkavu. Ikiwa ya moto, skrubu yake imelegea. Rudi kwenye habari ya plagi hapo juu.

Birika au pasi inakutekenya

Acha kuitumia leo. Ichomoe, weka multimita kwenye omu kubwa, pima kati ya pini ya laini au ya nyutro kwenye plagi na mwili wa chuma. Isome juu kabisa, megaomu. Ukipata omu 20,000, usiseme "ni nyingi". Volti 230 gawanya kwa 20,000 ni ampea 0.0115, yaani miliampea 11.5, na kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono huanza kukataa kuachia ulichoshika. Hapa ndipo watu huchanganya miliampea na ampea: miliampea 11.5 si ampea 0.115, ni 0.0115; gawanya kwa 1,000 kabla hujaingiza kwenye hesabu.

Koili ya mota ina omu 6, mbona haivuti ampea 38?

Kijana wa Makambako aliniuliza hili kuhusu pampu ya maji, na ni swali zuri. Mota inapozunguka inazalisha volti zake za kupinga zile zinazoingia, kwa hiyo omu za multimita hazikwambii ampea za kazini. Pampu ya nguvu ya wati 750 inaweza kuvuta ampea 5. Volti 230 mara 5 ni 1,150, lakini hizo si wati zote. Zidisha na kile kipimo cha kosi-fai (sehemu ya volti mara ampea iliyo wati za kweli) kilichoandikwa kwenye bati lake, tuseme 0.85, unapata wati 978 zinazoingia. Zinazozidi zile 750 ni joto na msuguano.

Mota inayovuma bila kugeuka haina volti za kupinga, inavuta ampea nyingi mno. Zima kwanza, kisha tafuta kapasita au kitu kilichokwama. Tena mota ni kinyume cha birika: volti zikishuka na mzigo uko palepale, ampea zake hupanda. Ndiyo maana jioni birika linachelewa tu, ila mota inaungua.

Sina klampu

Mita ya LUKU ina kitaa chekundu kinachopepesa. Usoni pameandikwa idadi ya mapigo kwa kila uniti, mathalani 1,600 imp/kWh. Zima kila kitu, washa kifaa kimoja, hesabu mapigo kwa dakika moja. Mapigo 53 mara 60 gawanya kwa 1,600 ni kilowati 1.99. Birika lako ni zima. Ukizima kila kitu na kitaa bado kinapepesa, kuna kinachokula umeme na hujakijua.

Chumba hiki taa kali kupita kiasi, chumba kile hafifu

Nyumba au fremu zenye fezi tatu. Usianze kupima lolote, zima meni swichi kwanza. Nyutro imekatika mahali, na vifaa vya fezi mbili vimebaki vimefungwa mfululizo kwenye volti 400. Chukua hita ya omu 52.9 upande mmoja na taa ya wati 100, omu 529, upande wa pili: jumla omu 582, ampea 0.69. Taa inapata volti 364, hita inapata 36. Mwenye hita anasema umeme ni mdogo, mwenye taa anasikia mlio wa kioo, na kama mahali pa taa palikuwa na televisheni, inatoa moshi. Chomoa vyote, acha meni swichi chini, na ita watu wa umeme waangalie nyutro kwenye nguzo na kwenye mita kabla mtu yeyote hajarudisha moto.